Jina Lenye Pauni Katikati

Kwa miaka mingi, mtu aliyeunda kanzidata mpya ya MySQL bila kuiambia chochote kuhusu lugha alikuwa amekubali, pasipo kuulizwa, kupanga majina kwa desturi ya Kiswidi. Mpangilio huo uliitwa latin1_swedish_ci. Kampuni iliyotengeneza programu hiyo ilikuwa na makao yake Uppsala, Uswidi, na waliianza kazi kwa kuchagua kilichowafaa nyumbani kwao: herufi å, ä na ö zikae mwisho wa alfabeti, baada ya z. Chaguo-msingi hilo lilidumu hadi toleo la 8.0 lilipotoka mwaka 2018. Kabla ya hapo lilikuwa limeshasambaa dunia nzima, kwenye orodha za wanafunzi, za wagonjwa na za wateja wa maji, katika nchi ambazo hakuna aliyewahi kuandika ö.

Mimi niliikuta Uswidi hiyo katika kata ya Likombe, Manispaa ya Mtwara Mikindani, ndani ya rejista ya wakulima wa korosho.

Kazi yenyewe ilielezwa kwa sentensi moja. Chama kimoja cha msingi, kijijini upande wa Mto Ruvuma, kilikuwa na rejista ya wanachama iliyotengenezwa na fundi mwingine miaka kadhaa iliyopita, na kompyuta yenye rejista hiyo ilikuwa mahututi. Katibu wa chama aliileta hadi kwenye chumba ninachofanyia kazi, imeviringishwa kitenge na kufungwa nyuma ya bodaboda. Alitaka majina yote yahamie kwenye mfumo mpya kabla ya msimu kufunguliwa. Ilikuwa Juni, mikorosho inaanza kuchanua, na watu wanapuliza salfa. Msimu ungefunguliwa Oktoba. Muda ulikuwepo, lakini si wa kuchezea.

Nilipotoa majina na kuyafungua kwenye kioo changu, mengi yalikuwa sawa. Machache yalikuwa na mambo ya ajabu. Palikuwa na mzee ambaye jina lake lilisomeka JoÃ£o. Palikuwa na ukoo mzima ulioanza na Nang, kisha ikafuata â, kisha alama ya yuro, kisha ile ™ ndogo ya bidhaa zilizosajiliwa, kisha ndipo jina likaendelea. Katibu alivaa miwani, akasogea. “Huyu ana pauni,” alisema. “Hawa wana yuro. Na wote wananidai shilingi.”

Alama hizo hazikuingia kwa bahati nasibu. Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na usimbaji ni makubaliano ya namba ipi isimamie herufi ipi. Katika UTF-8, makubaliano yanayotumika sasa karibu kila mahali, herufi ã huandikwa kwa baiti mbili: 195 na 163. Katika makubaliano ya zamani yaliyoitwa Latin-1, kila baiti ni herufi moja inayojitegemea; 195 ni Ã, na 163 ni alama ya pauni ya Uingereza. Kwa hiyo karani aliandika João, kompyuta yake ikatuma 195 na 163, na kanzidata iliyodhani inaongea Latin-1 ikazipokea kama wageni wawili. Hali ni hiyohiyo kwa ile koma ya juu iliyopinda inayowekwa na simu na programu za kuandikia: katika UTF-8 ni baiti tatu, na ukizisoma kwa jicho la zamani unapata â, € na ™.

Majina ya namna hiyo hayakunitisha. Baiti zilikuwa bado zipo zote. Ukizisoma upya kwa makubaliano sahihi, João anarudi mzima. Yaliyonitisha ni mengine, matano, yaliyosomeka kama Jo?o. Alama ya kuulizia maana yake ni kwamba mahali fulani njiani programu ilikutana na herufi isiyoijua, ikaitupa, ikaacha ? mahali pake. Hapo hakuna cha kusoma upya. Jina limeondoka.

Msomaji asiyetoka kusini anaweza kuuliza: kwani herufi moja ina nini? Huku kwetu, tangu mwaka 2007, korosho ghafi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu na kusubiri mnada. Fedha haimfikii mkononi siku ile. Inakuja baadaye, kwenye akaunti ya benki, kwa kufuata orodha iliyoandaliwa na chama. Jina la kwenye orodha lisipolingana na jina la kwenye akaunti, fedha inarudi ilikotoka na kukaa huko hadi mtu aandike barua, apigiwe muhuri, apande gari.

Tuliokuwepo msimu wa 2018 tunakumbuka uzito wa orodha. Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima. Nia ilikuwa kuwatenga walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho vijijini kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye shida ya haraka. Lakini kangomba anaishi kwa kuchelewa kwa malipo. Mkulima ambaye fedha yake imekwama kwa sababu ya jina, na mtoto anahitaji sare, ndiye atakayekubali bei yoyote msimu unaofuata. Yule mzee mwenye pauni katikati ya jina alikuwa ameshasubiri wiki kadhaa mara moja, wakati majirani zake wameshalipwa. Nitaendelea kumwita João, ingawa silo jina lake. Herufi iliyomsumbua ni hiyohiyo.

Pwani hii ina uzoefu na matatizo ya namna hiyo tangu enzi za kalamu. Waliotangulia kuandika Kiswahili walikitumia kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g kama ya “gari”. Waandishi waliazima herufi za Kiajemi, wakaongeza nukta, au wakaacha msomaji ajaze mwenyewe kwa kuijua lugha. Msomaji wa wakati ule alikuwa mtu, na mtu anaweza kujaza. Kanzidata haiwezi.

Baadaye tulihamia herufi za Kilatini, na hapo tulipata bahati ambayo hatukuitafuta. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walipokubaliana juu ya ASCII, walitenga nafasi 128 tu: herufi zao kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi na amri za mashine. Mfaransa hakuenea humo. Mreno hakuenea. Mwarabu na Mhindi wala hawakufikiriwa. Kiswahili Sanifu kilienea, tena kikabakiza q na x bila kazi. Ndiyo maana wengi wetu tuliojifunza kompyuta Tanzania tulikua tukiamini kwamba usimbaji wa herufi ni shida ya watu wengine.

Ila tuna ng'. Sauti hiyo si ng. Anayeng'oa jino na mwenye ngoa, yaani kijicho, hawahusiani. Waganda wana herufi yake maalumu, ŋ, ingawa wakiwa kwenye kibodi wengi wao huandika kama sisi. Sisi tuliazima alama ya uandishi, ritifaa, tukaipa kazi ya herufi. Kwenye karatasi haikumdhuru mtu. Lakini lugha ya kuulizia kanzidata, SQL, hutumia alama hiyohiyo kufungua na kufunga maneno. Ukiandika 'Ng'apa', jina la kata iliyoko Lindi, mashine inaona neno Ng limefunguka na kufungwa, kisha inakutana na apa ikining'inia bila maana, na inakataa amri nzima. Dawa yake inajulikana, na haichukui hata dakika kumi: programu itume amri na thamani kando kando, isizishone pamoja. Fundi wa mfumo ule wa zamani alipendelea njia nyingine. Kulingana na Katibu, aliwakataza makarani kuandika “hicho kikoma cha juu”. Waliotii waliwaandika wanachama bila ritifaa. Waliokuwa wakitumia simu waliandika ile iliyopinda, ambayo haikuivunja amri, na ndiyo iliyogeuka yuro. Ndugu wa baba mmoja walikuwa wamesajiliwa kwa majina mawili tofauti.

Katibu ni mwalimu mstaafu, na alikuja na suluhisho lake tayari. Tuweke A mpaka Z basi. Ng' iwe ng, ã iwe a, ç iwe c, na herufi zote kubwa. “Binti yangu, benki haitaki mapambo,” alisema. “Ninachotaka mimi ni watu walipwe.”

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Faili la malipo linalopokelewa na benki ya chama linakubali herufi kubwa za ASCII tu. Chochote kingine kinarudishwa. Kama kazi ya rejista ni kulipa, kwa nini ihifadhi kitu ambacho mlipaji hakipokei? Nimeshaona mifumo mingi iliyojengwa kwa fikra hiyo, na inafanya kazi, kwa maana kwamba fedha zinatoka.

Nilimjibu kwa mfano wa maembe na juisi. Ukiwa na João unaweza kutengeneza JOAO wakati wowote, hata mara elfu. Ukiwa na JOAO peke yake huwezi kujua kama kulikuwa na kitu juu ya a, au kama ni karani aliyesahau. Tunaweza kuwa na safu mbili: moja ya jina kama mwenyewe anavyoliandika, nyingine ya jina lililovuliwa, inayotengenezwa na mashine, kwa ajili ya benki na kwa ajili ya kutafuta. Kwa njia hiyo karani akiandika joao, au nangapi bila ritifaa, mashine itamletea wote wanaofanana naye achague.

“Na nani anataka kujua hicho kilichokuwa juu ya a?” Katibu aliuliza.

Hatukuwa na jibu, wala yeye wala mimi, kwa sababu hatukuwa tumewauliza wenyewe. Wiki iliyofuata alinipandisha kwenye pikipiki hadi kijijini, na kwa siku mbili nilikaa chini ya mwembe wa ofisi ya chama nikiwa na kompyuta mapajani, watu wakija mmoja mmoja kutazama majina yao.

Mzee João aliletwa na mjukuu wake. “Shikamoo babu.” “Marahaba, mjukuu wangu.” Alivuka Ruvuma akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, wakati vita vya kudai uhuru wa Msumbiji, vilivyoanza 1964, vilipowasukuma watu wa uwanda wa Mueda kuja upande huu. Makaratasi yake yote ni ya hapa. Nilimwandikia jina lake kwa herufi kubwa kwenye kioo mara tatu: Joao, Juwau, João. Alitazama kwa muda, akagusa la tatu.

“Hili lenye kinyoka,” alisema. “Padri aliandika na kinyoka. Mama yangu hakusoma, lakini alikuwa akinionyesha kile cheti: jina lako lina kinyoka.”

Nilimweleza kwamba benki haitaweza kukiandika. Alicheka. “Benki naenda mara moja kwa mwaka. Waandike watakavyo, mradi hela itoke. Hapa ndipo ninapoishi.”

Nilimgeukia Katibu. Alikuwa akiandika kitu kwenye daftari lake, na hakuinua kichwa.

Ningependa kusema kwamba siku mbili zile zilithibitisha nilichokuwa nakiamini. Hazikufanya hivyo. Alasiri alikuja mama mmoja wa makamo, ambaye jina lake la ubatizo kwa Kireno lina ç na ã kwa pamoja. Rejista ya karatasi ilikuwa nalo kamili, kwa mwandiko mzuri wa baba yake, aliyekuwa mwanachama kabla yake. Nililiandika lote, nikamwonyesha kwa furaha kidogo. Aliniomba nilifute.

“Andika kwa Kiswahili, kama wanavyoniita,” alisema. “Mimi nimezaliwa hapahapa. Lakini tangu mambo ya kule yaanze, kila penye karatasi wakiona jina lile naulizwa nimekuja lini.”

Mambo ya kule ni vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia na vilivyozidi kusogea karibu na mto. Kwake yeye kinyoka kilikuwa kitu cha kumpekulia. Niliandika alivyotaka, kwa herufi ambazo hata ASCII ingezipokea, na niliona aibu kwa ile furaha yangu. Nilikuwa nimefikiri kwamba kuheshimu jina ni kuweka kila alama mahali pake. UTF-8 inampa mtu nafasi ya kuandikwa anavyotaka. Haimpi fundi ruhusa ya kumwamulia.

Kufikia jioni ya siku ya pili nilikuwa na majibu ya namna zote. Kijana mmoja alitaka ritifaa irudishwe kwenye jina la ukoo, ingawa kitambulisho chake hakina. Mzee mwingine wa upande wa Mueda alitaka sauti ya sh iandikwe kwa x, kama alivyofundishwa shuleni kwa Kireno, kama Xai-Xai inavyoandikwa. Wawili hawakujali. Kati ya majina matano yenye alama ya kuulizia, manne tuliyapata kwa wenyewe au kwenye leja ya karatasi. La tano mwenye nalo amefariki, hakuacha watoto kijijini, na ukurasa wake kwenye leja umeliwa na mchwa.

Hapo usimbaji ulikuwa umekwisha kuamuliwa: UTF-8. Ni mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike Septemba 1992, jioni moja wakiwa mgahawani New Jersey, kwenye karatasi ya kuwekea sahani, na uzuri wake ni kwamba maandishi yote ya ASCII yanabaki kama yalivyo huku kila herufi nyingine duniani ikipata nafasi. Niliongeza masharti mawili mlangoni. Kwanza, ã iingie kwa umbo moja tu, kwa sababu Unicode inaruhusu iandikwe kama herufi moja au kama a iliyobandikwa kinyoka, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini mashine inaona maneno mawili. Pili, ritifaa zote, iliyonyooka, iliyopinda na ile ya kuegemea kushoto, zigeuzwe kuwa aina moja katika safu ya kutafutia.

Likabaki suala la lokali, yaani mipangilio ya mahali: majina yanafuatana vipi, tarehe inasomwa vipi, koma kwenye namba ina maana gani.

Mpangilio wa majina una madhara kuliko unavyosikika. Mgawo wa salfa unapofika, majina yanasomwa kwa sauti kutoka kwenye orodha, na anayesomwa mwisho anapata jua kali na pengine anapata mfuko uliochanika. Ukiiacha kanzidata ipange kwa namba za baiti tupu, ritifaa iliyonyooka inatangulia herufi zote na iliyopinda inakuja baada ya z, kwa hiyo ndugu wawili wa Nang' wanatenganishwa na kila mtu mwingine mwenye Nang. Nilichagua kanuni za Kiswahili cha Tanzania, sw-TZ, kama zinavyotunzwa katika maktaba ya ICU, ambayo PostgreSQL inaweza kuitumia. Humo João anakaa penye joa, na ndugu wanakaa pamoja.

Nikamwonyesha Katibu orodha mpya kwa fahari. Akaniuliza kwa nini imepangwa kwa alfabeti. Leja ya karatasi, aliniambia, ilikuwa imepangwa kwa namba ya uanachama: walioanzisha chama mbele, waliojiunga juzi nyuma. Alfabeti ililetwa na kompyuta ya kwanza, na wazee walinung'unika kisha wakachoka. Tukakubaliana kwamba karani atatafuta kwa alfabeti, kwa jina la kwanza, kwa kuwa ndilo watu wanaloitwa. Lakini orodha zote za kusomwa hadharani zitafuata namba ya uanachama. Hakuna lokali yoyote yenye kanuni hiyo. Ilibidi niulize.

Tarehe zilikuwa na mkasa wake. Mfumo wa zamani ulikuwa na lokali ya Kimarekani, inayoanza na mwezi, wakati makarani waliandika kwa kuanza na siku. 10/05 ilikuwa Mei kwa aliyeandika na Oktoba kwa mashine. Huku kwetu Mei unapuliza salfa na Oktoba unauza. Mtu mmoja alionekana ameuza kilo mia nane wakati miti yake haijatoa hata ua. Tarehe sasa zinahifadhiwa kwa mwaka, mwezi, siku, na zinaonyeshwa kwa jina la mwezi ili pasiwe na ubishi. Namba nazo: stakabadhi za ng'ambo ya mto hufuata Kireno, ambapo 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Hapa ni kilo moja na robo. Kwa hiyo mashine haipokei nukta wala koma kwenye kilo. Inapokea tarakimu tupu, na desimali ina kisanduku chake.

Saa niliiacha. Mipangilio ya sw-TZ inajua kusema Jumatano na Novemba, lakini siku inaihesabu kuanzia usiku wa manane. Mizani ya chama inafunguliwa saa mbili asubuhi, na hakuna mpangilio niliouona utakaoiandika 08:00 kwa jina hilo. Kwenye stakabadhi tumeandika “asubuhi” na “mchana”, na inatosha.

Maamuzi haya yote yanafanyika katika amri moja, kabla mtu wa kwanza hajaingizwa. Katika PostgreSQL huwezi kubadili usimbaji wa kanzidata iliyokwisha kuundwa. Ukighairi, unajenga nyingine na kumimina kila kitu upya. Na hata usipogusa chochote, ardhi inaweza kusogea. Agosti 2018 maktaba ya glibc, ambayo Linux nyingi huitegemea kupanga maneno, ilitoka na toleo la 2.28 lenye kanuni mpya za mpangilio, na alama kama kistari zikabadilisha nafasi. Kanzidata zilizokuwa na faharasa zilizojengwa kwa kanuni za zamani zikaanza kutafuta mahali pasipo. Mtu yupo kwenye jedwali, ukimwuliza mashine inasema hayupo. Dawa ni kujenga faharasa upya, lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba kanuni zimebadilika.

Kwa sababu hiyo nilimwomba Katibu ukurasa mmoja kwenye leja ya karatasi. Fundi atakayekuja baada yangu huenda tusionane. Niliandika kwa kalamu: aina ya kanzidata na toleo lake, usimbaji, lokali, toleo la kanuni za kupangia majina, na kwamba likibadilika faharasa zijengwe upya. Niliandika ni safu ipi ni jina la mtu na ni ipi ni jina la benki, na kwamba ya pili hutengenezwa kutoka ya kwanza, kamwe isiwe kinyume. Niliandika kwamba jina la mwanachama namba 212 lina alama ya kuulizia kwa kuwa herufi yake imepotea, lisikisiwe.

Katibu alisoma yote polepole, kidole chini ya kila mstari. Aliniomba kalamu, akaongeza mstari wake mwenyewe chini kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu: jina lisibadilishwe bila kumwuliza mwenyewe. Kisha akatoa muhuri kwenye mfuko wa nailoni, akaupulizia pumzi, akagonga.